Chombo cha Moto Kisicho na Moto

SAFU YA BWANA SHAMBA

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Mwezi huu tuyatoe mahindi hayo, tuyapeleke gulioni. Je, tutayapeleka kwa chombo gani?

Zamani tuliyabeba kichwani. Kisha ikaja baiskeli. Kisha ikaja pikipiki ya petroli. Sasa vinakuja vyombo vya magurudumu mawili vinavyotumia umeme. Vilianza kuonekana mijini, na sasa vinafika huku kwetu. Havitaki petroli. Unavichaji kama unavyochaji simu. Kwa mkulima aliye mbali na kituo cha mafuta, hilo ni jambo la kufurahisha.

Lakini vijana wengi wameniuliza swali moja: "Bwana Shamba, na hii nayo inataka leseni?" Wameambiwa na wauzaji kwamba haitaki. Wauzaji husema: "Hii haina injini. Haina moto wala moshi. Basi si chombo cha moto. Lipa, panda, nenda zako."

Tuyachunguze maneno hayo taratibu. Mtu akiyafuata bila kufikiri anaweza kupoteza shamba lake.

JINA LISITUDANGANYE

Sisi huita gari na pikipiki "chombo cha moto". Injini ya petroli huchoma mafuta ndani yake, kwa hiyo jina hilo linaifaa. Lakini barabarani hatuulizi kama kuna moto. Tunauliza: ni nini kinachokisukuma chombo hiki?

Mwaka 1968 mataifa mengi yalikutana katika mji wa Vienna yakaandika mkataba wa usafiri wa barabarani. Mkataba huo unasema kwamba baiskeli ni chombo kinachoendeshwa kwa nguvu ya misuli ya watu waliopanda, na kwa nguvu hiyo peke yake. Hapa kwetu tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Nayo hutenganisha baiskeli na vyombo vinavyojiendesha vyenyewe kwa mtambo. Mota ya umeme ni mtambo. Haitoi moshi, lakini inasukuma.

Basi ukikiona chombo cha umeme, kitazame vizuri. Viko vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni baiskeli yenye mota ya kusaidia. Ina pedali na mnyororo. Ukipiga pedali, mota inakuongezea nguvu. Ukiacha kupiga pedali, mota nayo inaacha.

Aina ya pili ni pikipiki ya umeme. Unazungusha mshiko wa mkononi, nayo inakwenda. Miguu yako imepumzika. Nyingine zimewekewa pedali ndogo ubavuni, lakini hakuna anayezipiga. Hizo pedali ni pambo. Chombo hicho ni pikipiki.

PIMA NGUVU YAKE

Nguvu ya mota hupimwa kwa wati. Namba yake huandikwa kwenye mota au kwenye karatasi ya chombo. Mtu mzima mwenye afya akipiga pedali kwa muda mrefu hutoa nguvu ya wati 100 hivi. Basi mota ya wati 250 ni kama watu wawili na nusu wanaokusaidia. Mota ya wati 2,000 ni kama watu 20 wanaokusukuma kwa pamoja. Je, mtu anayesukumwa na watu 20 bado anaendesha baiskeli?

Huenda muuzaji akakuonyesha boksi lililoandikwa kwamba chombo hiki hakihitaji leseni. Usimkasirikie. Mwulize hivi: hakihitaji leseni katika nchi gani?

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pia, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ikitimiza masharti haya. Mota isizidi wati 250. Isaidie tu mtu anapopiga pedali. Iache kusukuma mwendo ukifika kilometa 25 kwa saa. Uingereza imeongeza sharti jingine: anayeiendesha awe na umri wa miaka 14 au zaidi. Chombo kikizidi masharti hayo, huko huko Ulaya kinaingia katika kundi la pikipiki. Hata wenzetu hao hawakuisamehe pikipiki kwa sababu haitoi moshi.

Tena, maandishi ya boksi hayawi sheria ya Tanzania kwa kuwa yameandikwa vizuri.

KARATASI ZINA KAZI GANI?

Ndugu msomaji, wengine hufikiri karatasi ni za kumridhisha trafiki. Sivyo. Hebu tuchukue mfano.

Tuseme kijana amenunua pikipiki ya umeme kwa fedha za korosho. Hakuiandikisha. Hana leseni, wala hakukata bima. Jioni anarudi kutoka gulioni. Mama mmoja anavuka barabara na kuni kichwani. Hasikii kitu. Kijana anamgonga, naye anavunjika mguu.

Mama anapelekwa hospitali. Anakaa huko wiki nyingi. Nani atalipa? Bima ya mtu wa tatu huwekwa kwa ajili ya mtu kama huyo mama, yaani mtu aliyeumizwa na chombo chako. Kama bima haipo, kijana atalipa mwenyewe. Hana fedha. Baba yake atauza ng'ombe. Ng'ombe hawatatosha, atauza na ekari ya shamba. Huku nyuma mama ana watoto wanaomngoja awapikie, na msimu wa kupalilia unapita. Nyumba mbili zimeumia kwa siku moja.

Kwa hiyo, kama chombo chako ni pikipiki ya umeme, fuata mambo haya kama mwenye pikipiki ya petroli:

1. Kiandikishe TRA, upate kadi na namba. Kadi iwe na jina lako. Usikubali kununua chombo kisicho na kadi.

2. Pata leseni ya kuendesha pikipiki. Jifunze kwanza, kisha ujaribiwe. Kujua kuendesha baiskeli si kujua kuendesha pikipiki.

3. Kata bima, na uangalie siku inapokwisha.

4. Kama unabeba abiria kwa malipo, omba leseni ya usafirishaji kwa utaratibu wa LATRA. Uliza katika ofisi ya halmashauri yako.

5. Usimpe mtoto wala mtu asiye na leseni. Akifanya kosa, wewe mwenye chombo utaulizwa pia.

Na kama ni baiskeli yenye mota ndogo ya kusaidia? Hapo ndipo ubishi unapotokea. Usibishane na muuzaji, wala usiamue peke yako. Mwombe karatasi ya chombo. Ipeleke kwa askari wa usalama barabarani au ofisi ya TRA kabla hujalipa. Wakikuambia uandikishe, andikisha. Kuuliza kabla ya kulipa hakuna gharama. Kuuliza baada ya kukamatwa kuna gharama.

CHOMBO KISICHO NA SAUTI

Sasa tuzungumze juu ya usalama. Pikipiki ya petroli hujitangaza. Unaisikia ikiwa mbali, unamvuta mtoto, unamfukuza mbuzi barabarani. Pikipiki ya umeme inakuja kimya. Mtoto hageuki. Mzee asiyeona vizuri, ambaye hutegemea masikio yake, hajui kama upo.

Jambo hili si dogo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, magari yote mapya ya umeme ni lazima yatoe sauti yanapokwenda polepole, ili waendao kwa miguu wasikie. Sharti hilo ni la magari, si la pikipiki. Kwa hiyo wewe unayeendesha ndiye sauti. Piga honi au kengele mapema. Punguza mwendo karibu na shule, kisima, zahanati na gulio. Usimpite mtu kwa karibu ukidhani amekusikia.

Kumbuka pia hesabu hii. Ukienda kilometa 25 kwa saa, unapita karibu mita 7 kila sekunde. Ukienda kilometa 50 kwa saa, unapita karibu mita 14. Lakini ukizidisha mwendo mara mbili, umbali ambao breki zinauhitaji ili kukusimamisha huwa mara nne, wala si mara mbili. Mtoto anayekimbilia mpira hakupi nafasi hiyo.

Vaa kofia ngumu, na abiria wako avae yake. Ifunge kidevuni. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi waliona kwamba kofia ngumu humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimlindi mtu.

Endesha upande wa kushoto. Usiku washa taa ya mbele na ya nyuma. Usibebe mishikaki. Usiendeshe ukiwa umelewa.

Wewe uliye mkulima, angalia na mzigo. Mota itakusaidia kupanda mlima na gunia la mahindi. Lakini ukifika juu, utateremka na gunia lile lile, na hapo unategemea breki. Baiskeli ambayo breki zake zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja haitasimama kwa urahisi na gunia la kilo 100. Kabla ya kuondoka, jaribu breki zote mbili. Funga mzigo chini na katikati. Mzigo ukiwa mzito, nenda mara mbili.

BETRI

Betri ndiyo tangi la mafuta la chombo hiki. Ukiona imeandikwa volti 36 na ampea-saa 10, zidisha: 36 mara 10 ni wati-saa 360. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Basi uniti moja yaweza kujaza betri hiyo mara mbili. Umeona faida yake.

Lakini nguvu yote hiyo imefungwa ndani ya kitu kidogo. Ikitoka kwa fujo, inaunguza nyumba. Kwa hiyo:

Tumia chaja iliyokuja na chombo. Chaja ya volti 48 isichomekwe kwenye betri ya volti 36.

Usichaji chumbani mnapolala, wala mlangoni. Betri ikiwaka moto mlangoni, mtatokea wapi?

Usichaji betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoingia maji. Usiifungue. Mpelekee fundi anayezijua betri hizo.

Betri ikianza kutoa moshi, watoe watu wote nje kwanza. Moshi wake ni sumu. Kama unaweza kukifikia kizima umeme kikuu bila hatari, kizime. Usirudi ndani kuokoa chombo.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili uviogope vyombo vya umeme. Vinaweza kutusaidia kufikisha maziwa mapema na kupunguza gharama za njiani. Nimeandika ili utakaponunua, ununue ukijua. Mkulima hanunui mbegu kwa kuangalia picha ya pakiti tu. Husoma jina la mbegu na tarehe ya kuisha nguvu. Na chombo hiki ukisome hivyo hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Chombo unachokitaka kinasukumwa na miguu yako au na mota?

2. Mota yake ni ya wati ngapi?

3. Ukimgonga mtu leo, nani atalipa hospitali?

4. Betri itachajiwa wapi ndani ya nyumba yenu?

Kama huwezi kujibu maswali yote manne, usilipe bado. Mpe anayekuuzia salamu, urudi nyumbani ukaulize.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya ugonjwa wa mdondo wa kuku. Wachanjeni mapema.

Ndimi Bwana Shamba wenu.