Baharia wa Bure Hutoka Wapi?

Mwezi Septemba 2018 Lamu ilishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa. Kaskazi ya mwaka uliofuata ikalisukuma kilomita 500 hadi Unguja. Ukiwasimulia wanafunzi wa Nairobi habari hizo, mikono huinuka darasa zima: kila mmoja ataka kujitolea awe baharia.

Mikono hiyo ni ya nani, lakini? Pepo hazifuati ratiba ya shule. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, ilhali muhula hufunguliwa Januari. Nani atakayekaa majuma kadhaa bila ujira, na nauli ya pwani ajilipie? Kijana wa Lavington aweza. Jirani yake wa Kawangware hawezi. Likizo kwake ndiyo msimu wa kibarua.

Tena kuna maji yenyewe. Bwawa la Nairobi, baina ya Kibera na Lang'ata, zamani lilielea mashua za tanga. Baadaye likasongwa na magugu na taka. Mtoto wa jiji ajifunzie wapi kushika usukani?

Basi mwenye chombo atafutaye wasaidizi asibandike tangazo Westlands na Chuo Kikuu peke yake. Atenge nauli na posho. Wala asiwaache mabaharia wa Lamu kwa kuwa amepata wa bure; hao ndio walimu wa safari, nao walipwe. Nasi walimu wa chaki, kabla ya kumtilia mwanafunzi sahihi ya ruhusa, tumuulize kwanza: waweza kuogelea?