Jicho Lililopasuliwa Likirudia Wekundu

Upasuaji wa mtoto wa jicho umewarudishia nuru wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama, wakiwamo ndugu zetu wa visiwa vya Rukuba na Nafuba. Tangu Dk. Harold Ridley alipoweka lenzi ya bandia katika jicho la binadamu, mjini London mwaka 1949, manufaa yake hayana ubishi. Neno letu ni juu ya yale yanayoweza kutokea miezi kadhaa baadaye.

Mzee aliyekuwa akiona vizuri huanza kuona ukungu. Jicho huwa jekundu, maumivu ni kidogo au hayapo. Hupewa matone ya steroidi, likatulia. Matone yakipunguzwa, wekundu hurudi. Safari ya pili hupewa yale yale, na ya tatu vivyo hivyo. Huko kurudia-rudia ndiko dalili yenyewe! Ikiwa ni maambukizo, mhalifu mkuu ni bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, mkazi wa kawaida wa ngozi zetu, ambaye hujificha ndani ya kifuko kinachoshika lenzi. Mara nyingi utando mweupe kifukoni, uonekanao kwa darubini baada ya mboni kutanuliwa, humfichua.

Kumthibitisha kwataka subira. Majimaji ya ndani ya jicho huchotwa na kuoteshwa maabara pasipo oksijeni, hata kwa siku 14. Maabara inayotupa sampuli siku ya tatu haijathibitisha lolote. Si kila jicho la namna hii lina vimelea. Kipande cha mtoto wa jicho kilichosalia, au lenzi inayokwaruza, huleta hali hiyo hiyo. Basi ipimwe, isibahatishwe. Tiba nayo si matone: antibiotiki huchomwa ndani ya jicho, na pengine kifuko na lenzi huondolewa. Hiyo ni kazi ya daktari bingwa.

Viongozi wa wilaya wanajua kwamba ziwa likichafuka mtumbwi hauondoki Rukuba. Kwa hiyo kambi ya macho isifungwe kabla ya kupanga tarehe za kuwafuata wagonjwa visiwani. Kila aliyepasuliwa apewe kadi yenye tarehe, jicho lililohusika na aina ya lenzi. Mganga wa zahanati akiona wekundu umerudi baada ya matone, aandike rufaa siku hiyo hiyo, na Halmashauri itafute nauli ya mgonjwa asiye na uwezo.