Kuoanisha Mafaili Si Kuweka Akiba



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi waliofungiwa kompyuta maofisini na mashuleni wanalichukulia sivyo. Jambo lenyewe ni zile programu zinazofanya mafaili ya kompyuta moja yafanane na ya kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao. Watu wakishafungiwa programu hiyo hujiona kuwa wameweka akiba ya kazi zao. Hawajaweka.

Programu ya kuoanisha ina kazi moja tu, kuhakikisha kilichopo hapa ndicho kilichopo kule. Ukiongeza jina la mwanafunzi hapa, litaongezwa kule. Ukilifuta, litafutwa kule pia, na programu haiulizi kama umefuta kwa makusudi, kwa bahati mbaya au kwa kuchezewa na mtoto aliyeingia ofisini. Kwake yeye kufuta ni badiliko kama mabadiliko mengine. Akiba ni kitu kingine kabisa. Akiba ni nakala inayobaki kama ilivyokuwa jana hata kama leo umeharibu kila kitu. Mkulima haweki mbegu za mwakani katika gunia lile lile analochotea mahindi ya kupeleka mashineni.

Katika kata yetu shule tatu ziliunganishwa na ofisi ya kata. Fundi aliyekuja kufunga programu alituambia kuwa sasa tuna nakala nne za kila kitu, basi tulale usingizi. Muhula uliofuata mwalimu mmoja wa shule jirani aliona diski yake imejaa, akafuta jalada lenye alama za wanafunzi za miaka mitatu, akijua nakala nyingine tatu ziko salama kwingine. Kabla ya jua kuzama kompyuta zote nne zilikuwa safi. Palepale maneno yakaanza kuwa ni virusi, na wengine wakasema ni hujuma. Hapakuwa na virusi wala hujuma. Programu ilitii amri.

Hasara yake haikuwa ya mashine. Mzazi aliyetaka kumhamishia binti yake mkoa mwingine alipewa barua ya uhamisho isiyo na alama hata moja za miaka hiyo, kwa sababu madaftari ya zamani nusu yake yalikwisha kuliwa na mchwa, na hakuna aliyeyajali tena tangu kompyuta zije. Sasa wapo wanaodai mwalimu yule aadhibiwe. Mimi siafiki. Alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya baada ya kuambiwa kuwa kuna nakala nne.

Wasomaji wasidhani kuwa haya ni mambo ya vijijini tu. Tarehe 27 Juni, 2017 kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilivamiwa na programu haribifu iliyoitwa NotPetya, ambayo ilianza kusambaa kutoka Ukraine kwa kupitia programu ya mahesabu. Maersk walikuwa na kompyuta kuu zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumishi na ruhusa zao za kuingia katika mtandao wa kampuni. Zote zilikuwa zikioanishwa, kila moja ikihesabiwa kuwa ni akiba ya zenzake. Hakuna aliyewaza kuwa zote zingeweza kufa kwa pamoja, lakini ndivyo ilivyotokea. Iliyosalia ni moja tu, nayo ilikuwa katika ofisi yao ya Ghana. Ilipona kwa sababu umeme ulikatika huko kabla ya uvamizi, ikawa haimo katika mtandao. Mawasiliano ya Ghana yalikuwa membamba mno kuweza kutuma data ile kwa haraka, na watumishi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akasafiri na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaifikisha London. Hata hivyo kampuni ililazimika kuweka upya programu katika kompyuta 45,000, na hasara yake ilifikia mamia ya mamilioni ya dola.

Sisi huku tumezoea kuulaani umeme unapokatika. Kumbe kilichoiokoa kampuni kubwa namna ile ni kompyuta moja iliyokuwa imezimika! Huo ndio msingi wa akiba: lazima iwepo nakala moja isiyounganishwa na chochote.

Hata pale ambapo hakuna aliyefuta kitu, programu hizi hukorofisha kwa sababu ndogo ambazo mtumiaji hakuelezwa. Iliyo kubwa kuliko zote ni saa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo kama sarafu inayoendesha saa wakati mashine imezimwa. Betri hiyo ikichoka, kompyuta ikiwashwa hurudi miaka mingi nyuma, na hubaki huko mpaka mtu airekebishe au ipate mtandao. Mwalimu anajaza alama asubuhi, na faili linaandikwa tarehe ya miaka kumi iliyopita. Sasa kama faili hilo hilo lilibadilishwa pia ofisi ya kata, programu nyingi zitatazama tarehe, na kazi ya asubuhi ile itahesabiwa kuwa ya kale, iwekwe kando kwa jina refu la ajabu au ipotee. Watu wengi wakiona hayo majina marefu huyafuta kwa kuyadhania takataka, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Betri hiyo ni ya bei ndogo, lakini sijaona fundi aliyekuja kuikagua bila kuitwa.

Majina ya mafaili nayo yana mambo yake. Ukiandika jina lenye alama ya nukta mbili katika mashine inayotumia Linux, mashine ya Windows italikataa, na faili hilo litabaki halijaenda siku zote bila mtu kujua. Vilevile Linux huona herufi kubwa na ndogo kuwa ni majina mawili, wakati Windows huyaona kuwa jina moja. Flashi zetu nyingi pia zimepangwa kwa mtindo wa zamani usiopokea faili moja linalozidi gigabaiti 4, na ambao huandika muda kwa kuruka sekunde mbili mbili. Kwa hiyo programu inayolinganisha muda inaweza kudhani kila faili limebadilika, ikaanza kunakili yote upya huku bando likiteketea.

Sisemi programu hizi ni mbaya. Rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hutuma sehemu zilizobadilika tu za faili, na kwa mtu anayenunua bando kwa mshahara wake hiyo ni neema. Inaweza pia kuamriwa ionyeshe itakachofanya bila kukifanya, ili mtu aone kama kuna kitakachofutwa. Nyingine zina mahali pa kuagiza kuwa faili likifutwa litunzwe pembeni kwa siku kadhaa, lakini mara nyingi huja pamezimwa, na anayefunga haambii mtu. Kuna hata namna ya kuagiza kuwa shule itume tu na kata ipokee tu. Je, fundi anayelipwa kwa kazi hiyo anashindwa nini kutumia nusu saa kutueleza?

Na hata akiba ya kweli isiaminiwe kwa kuwa ipo. Tarehe 31 Januari, 2017 kampuni ya GitLab ilifutiwa hifadhidata yake na mtumishi wao aliyedhani yuko katika kompyuta nyingine. Walipokimbilia akiba walikuta mpango wao wa kuweka nakala kila siku ulikuwa unashindwa kimya kimya, na barua za kuwaonya zilikuwa haziwafikii. Waliokolewa na nakala ambayo mtumishi mmoja aliichukua kwa kazi nyingine saa sita kabla. Hao ni watu ambao kompyuta ndiyo kazi yao.

Kwa hiyo nawaomba wahusika wa elimu, kila kata iliyounganishiwa kompyuta ipewe diski mbili za nje. Moja ichomekwe siku ya Ijumaa, inakiliwe, ichomolewe na kufungiwa kabatini. Nyingine ikae mbali, katika jengo jingine, na zibadilishane kila mwezi. Kila mwanzo wa muhula jalada moja lirudishwe kutoka katika diski hiyo mbele ya Afisa Elimu Kata, alama zisomwe, na asaini kuwa amezisoma. Aidha, fundi yeyote asilipwe kabla hajawaachia walimu wawili maelezo kwa Kiswahili ya namna ya kufanya hayo yote. Madaftari ya karatasi nayo yaendelee kujazwa mpaka hapo diski zitakapofika.

Ningefurahi kama wahusika wangetujibu kupitia ukurasa huu ni lini diski hizo zinaweza kupatikana, na zitatoka katika fungu gani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.