DHAHABU YA KAKAMEGA: KIBALI KWANZA, MGODI BAADAYE



Siku hizi ukipita Isulu, Bushiangala au Rosterman, neno ni moja tu: dhahabu. Kampuni ina hesabu zake, Serikali ina hotuba zake, wanasiasa wana ahadi zao. Lakini katika maneno hayo yote hatusikii habari za kijana anayeshuka shimoni kwa kamba, wala za mama anayeponda mawe kutwa juani. Hao ndio wafanyakazi wa dhahabu ya Kakamega. Chama chetu kinasema hivi: kabla ya mgodi mkubwa kufunguliwa, watu hawa wapewe vibali vyao.

Tuna sababu ya kusema hivyo. Wazee wetu walikwisha kuyaona mambo haya. Mwaka 1930 Serikali ya wakoloni ilitunga sheria ya kulinda ardhi ya Waafrika. Ilisema kwamba ardhi ya rizavu isitwaliwe bila kutolewa nyingine badala yake, wala bila baraza la wenyeji kuulizwa. Watu wakaambiwa ardhi hiyo ni yao milele. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, na Wazungu wakamiminika na mahema yao. Ilipofika Desemba 1932 sheria ile ikageuzwa: ardhi yenye dhahabu ikaweza kutwaliwa bila kutoa nyingine, na bila kuuliza baraza. Milele yao ilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman ukachimba mpaka 1952, kisha ukafungwa. Dhahabu ilikwenda, mashimo yakabaki kwetu.

Basi mtu asituambie leo, "Tulieni, sheria itawalinda." Sheria hailindi mtu aliyelala.

Tuitazame sheria yenyewe. Katiba ya 2010 inasema madini yote ni mali ya umma, na Serikali ya taifa inayashika kama amana ya wananchi. Sheria ya Madini ya 2016, iliyoondoa ile ya mwaka 1940, inagawa mrabaha hivi: sabini kwa mia kwa Serikali ya taifa, ishirini kwa kaunti, na kumi kwa watu wa mahali panapochimbwa. Kadhalika inamtambua mchimbaji mdogo, kwamba apewe kibali, na kila kaunti iwe na kamati ya kushughulikia uchimbaji huo mdogo. Hayo ni maneno mazuri, hatuyapingi. Tunauliza matunda yake yako wapi.

Kwanza, kibali. Desemba 2019 Serikali ilisimamisha leseni mpya za madini, na haikufungua mpaka Oktoba 2023. Kwa karibu miaka minne mtu aliyetaka kufuata sheria alikuta mlango umefungwa. Lakini tumbo halifungwi kwa tangazo. Watu waliendelea kuchimba, na kuchimba bila kibali ni kosa. Ndivyo mtu anavyofanywa mhalifu katika shamba la baba yake.

Pili, ile kumi kwa mia. Ndugu zetu wa Kwale walikaa na mgodi mkubwa wa titani mpaka ulipofungwa Desemba 2024, na kwa miaka mingi walipiga kelele wakidai fungu lao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa hapa Kakamega hakuna daftari linaloonyesha nani ni mwenyeji, nani anachimba, na nani atashika fedha hizo, basi kumi kwa mia itakuwa kumi ya wakubwa.

Tatu, mgodi wenyewe. Kampuni ya Shanta Gold ilinunua mradi wa dhahabu wa magharibi ya Kenya kutoka kampuni ya Barrick mwaka 2020, na mwaka 2025 mpango wa mgodi wa Isulu na Bushiangala uliletwa mbele ya wananchi. Mgodi ukifunguliwa, mwenye shamba ataweza kudai shamba lake, nyumba yake na miti yake. Je, yule anayechimba katika shamba la mwingine atadai nini? Hana hati, hana kibali, hana barua ya kazi. Miaka yake yote shimoni itahesabiwa kuwa si kitu. Ndiyo maana tunasema kibali kwanza.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Wako wenye mashimo, watu wetu wenyewe, wanaomlipa mtu kwa mafungu ya mawe. Mawe yakiwa hayana kitu, amefanya kazi bure. Desemba 2021 shimo lilianguka Abimbo, kaunti ya Siaya, na mwili wa mchimbaji mmoja ulikaa chini ya ardhi zaidi ya miezi sita kabla ya kutolewa. Sheria ya fidia ya 2007 inasema mwajiri atamlipa mfanyakazi aliyeumia kazini. Lakini mwenye shimo husema, "Huyu si mfanyakazi wangu, ni mshirika wangu." Ushirika gani huo, faida kwake na jeneza kwetu?

Wapo wanaosema kwamba wachimbaji wadogo wanatia sumu mitoni kwa zebaki, kwa hiyo waondolewe wote. Ni kweli zebaki ni sumu, na wa kwanza kuumia ni yule mama anayeikoroga katika karai kwa mikono mitupu. Lakini mtu asiye na kibali hujificha, na aliyejificha hafikiwi na mkaguzi wala mwalimu wa kumwonyesha njia iliyo salama. Mkiwafukuza Isulu watakwenda mto mwingine na karai lao.

Wengine wanasema mgodi utaleta kazi. Vema, hatukatai kazi. Sheria ya 2016 inataka wenyeji wapendelewe katika ajira. Lakini kazi ya kibarua, ya kuandikwa na wakala leo na kufukuzwa kesho, hiyo tunaijua, na hatuihitaji.

Basi Chama chetu kinadai haya:

1. Vibali vya wachimbaji wadogo vitolewe, na maeneo yao yapimwe, kabla ya leseni ya mgodi wowote mkubwa.

2. Fungu la kumi kwa mia liwe na daftari la wazi, lisomwe barazani, na wachimbaji na akina mama wa mawe wawe na wajumbe katika kulisimamia.

3. Kila mwenye shimo, awe kampuni au jirani yetu, ahesabiwe kuwa mwajiri na alipe fidia.

4. Mapatano ya kazi mgodini yaandikwe na kutiwa sahihi na Chama, si na wakala.

Nanyi wanachama mna kazi yenu. Andikisheni vyama vya ushirika katika kila eneo la mashimo. Andikeni majina, ya wanawake pia. Baraza likiitwa nendeni, msiseme "wengine wataenda." Mwaka 1932 baraza la wazee wetu lilinyimwa hata kuulizwa. Leo sheria inatupa nafasi ya kusema. Tukinyamaza sisi wenyewe, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Umoja ni nguvu.