Ukurasa usiosema hatua inayofuata humwacha mtoto njiani

Kila mwaka, dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, steshenari za Kahama, Katoro na Geita mjini hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita. Wengi hufuatana na mzazi. Mzazi hukaa kwenye benchi na bahasha ya vyeti, kijana husimama nyuma ya mhudumu, na mhudumu ndiye pekee anayejua wamefika wapi.

Wakitoka nje, mzazi huuliza, "Tayari mwanangu?" Kijana hujibu, "Tayari." Kumbe kilichokamilika ni kujaza tu. Fomu haijasainiwa, haijapakiwa kwenye mfumo, na kitufe cha kutuma hakijaguswa. Familia inarudi nyumbani kusubiri mkopo ambao haujaombwa.

Wazazi wengi hujilaumu kwa hilo, wakisema mambo ya mtandao ni ya wasomi. Si kweli. Mama yuleyule anayeuza mchele sokoni Kahama hupiga *150*00# na kumtumia mtoto nauli bila kumuuliza mtu. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, watu hawakupelekwa darasani kuijifunza. Menyu humuuliza jambo moja kwanza: unataka kufanya nini? Akijibu, humuuliza namba, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Pesa ikishaondoka hupata ujumbe wenye kiasi na salio. Muda wote anajua yuko wapi na kinachofuata ni nini.

Kurasa nyingi za mtandao hazimtendei hivyo. Hufungua zote kwa wakati mmoja: picha za viongozi, matangazo ya mwaka jana, maandishi yanayotembea, na kiungo anachokitafuta kimejificha chini kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki upesi kwenye simu ndogo. Akifanikiwa kuingia kwenye fomu, hukuta vitufe viwili vyenye rangi moja, kimoja "Save" na kingine "Submit". Cha kwanza huhifadhi tu, cha pili ndicho kinachotuma. Kijana aliyesoma Kiingereza cha vitabuni anaweza kubonyeza cha kwanza, akaona kazi yake imehifadhiwa, akafunga kompyuta kwa furaha. Kumlaumu kijana huyo ni kumwonea. Neno moja chini ya kitufe, kwamba maombi bado hayajatumwa, lingetosha.

Kwa mkopo, safari yenyewe ni ndefu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoanza kazi Julai 2005, hupokea maombi kwa njia ya mtandao kupitia mfumo unaoitwa OLAMS. Lakini kazi huanza kabla ya hapo: cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia. Kisha kijana hujisajili kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, hupata namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontrol namba, na kulipa Sh30,000. Hujaza, huchapisha fomu na mkataba, hupeleka kwa mdhamini, kwa serikali ya mtaa au kijiji, na kwa kamishna wa viapo. Mwisho hurudi mtandaoni kupakia kurasa zilizosainiwa na kutuma.

Hapo katikati, pale anapoondoka kwenye kompyuta kwenda kutafuta mihuri, ndipo ni rahisi sana kupotea. Karatasi yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji huonekana kama mwisho wa kazi. Anayetoka Nyarugusu au Nyang'hwale hana haraka ya kulipa nauli tena kurudi mjini kama hajui kwamba bado kuna hatua.

Kuna pia suala la majina. Shuleni mtoto ameandikwa Mhoja, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Muhoja. Mfumo ukijibu tu kwamba taarifa si sahihi, bila kusema ni ipi na irekebishwe wapi, mzazi ataanza kuhangaika shule hadi wilayani. Linganisha majina kabla ya dirisha kufunguliwa.

Uingereza, serikali ilipozindua tovuti yake ya GOV.UK mwaka 2012, ilichukua njia karibu sawa na ile ya menyu ya simu. Huduma huanza na kitufe kimoja cha kijani cha kuanzia, na fomu zake nyingi huuliza jambo moja kwa ukurasa mmoja. Shule binafsi za huku zinazojitengenezea tovuti zingeweza kuiga hilo kwa gharama ndogo. Mzazi wa Shinyanga anayefungua ukurasa wa shule mwezi Desemba hatafuti historia ya shule. Anatafuta fomu ya kujiunga, ada, na namba ya kupiga.

Kwa sasa, mzazi, ukurasa usipokuongoza, mhudumu wa steshenari ndiye atakayekuwa mwongozo wako, na wengi wao ni waungwana. Muulize waziwazi: tumefika hatua ya ngapi, zimebaki zipi, na tutajuaje kwamba yametumwa? Usiondoke bila kuandika majibu kwenye daftari, pamoja na tarehe ya mwisho.

Jambo la kusimamia kuliko yote ni usajili. Mhudumu mwenye haraka anaweza kuweka namba yake ya simu na barua pepe yake ili kazi iende. Kataa kwa upole. Iwekwe namba ya kijana au yako, na neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani. Maombi yakiwa na upungufu, taarifa yake huonekana ndani ya akaunti ya mwombaji, na HESLB imekuwa ikitoa muda wa kufanya marekebisho. Muda huo ni mfupi. Kijana akiwa amesharudi kijijini na neno la siri liko kichwani mwa mhudumu wa Katoro, hataiona.