Kinywa si pompi ya esansi



Usiku mmoja walituletea kwenye dispansere kijana, mtoto wa mwenzetu wa posti ya usiku. Alikuwa anakohoa, anapumua mbio mbio, na nguo zake zinanuka esansi. Baba yake mdogo akasema: «Munganga, hakunywa kitu. Alikuwa anatengeneza pikipiki tu.»

Pikipiki ile ilikuwa imegeuzwa. Rezervuari ilipotoboka waliitoa, wakafunga bidoni nyuma ya kiti, na tiyo ikitokea kwenye mdomo wa bidoni mpaka karbiratere, chombo kile kinachochanganya esansi na hewa. Kila hewa ilipoingia katika tiyo, mota ilizimika, na kijana akavuta kwa kinywa ili esansi ishuke tena. Siku ile akaimeza. Mama yake akamnywesha mafuta ya mawese ili atapike. Alitapika kweli, na katika kutapika esansi ikaingia mapafuni. Alilala hospitali siku 12. Alipona, lakini tuliogopa sana.

Watu wengi walisema kosa ni la karbiratere. Mimi sikubali. Pikipiki ikizimika ni hasara ya saa moja. Namna yetu ya kuitengeneza ndiyo inayoleta wagonjwa.

Najua mafundi watanijibu: «Tumevuta esansi tangu utoto, tuko wazima.» Wengine watasema risasi imekwisha kuondolewa. Ni kweli, tangu 2021 hakuna nchi inayouza tena esansi yenye risasi kwa magari. Algeria ilikuwa ya mwisho. Lakini benzeni imo bado, nayo huharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Na kwa mapafu, tone dogo likipita njia mbaya linatosha.

Tena, hakuna haja ya kuvuta. Zima mota, ingoje ipoe, peleka pikipiki nje, mbali na mbabula na sigara. Kisha fuata njia ya esansi, toka juu mpaka chini:

1. Kifuniko. Mota ikizimika baada ya kilometa chache, fungua kifuniko. Ukisikia hewa inaingia na mota ikawaka tena, tundu la kifuniko limeziba. Lisafishe.

2. Robine na filtri. Chomoa tiyo kwenye karbiratere, fungua robine juu ya chombo safi cha chuma. Esansi itiririke bila kukatika. Ikidondoka tone kwa tone, kuna uchafu.

3. Kikombe cha karbiratere. Mwaga esansi yake katika chupa ya kioo. Maji ni mazito kuliko esansi, utayaona yamekaa chini.

4. Jikleri. Mota isiyokubali kwenda bila starteri mara nyingi jikleri yake imeziba. Ipulize kwa pompi ya kinga, si kwa kinywa.

5. Buji. Ikiwa nyeupe, esansi ni kidogo. Ikiwa nyeusi ya masizi, esansi imezidi. Wanaoondoa filtri ya hewa ili kuongeza nguvu hupata buji nyeupe, mota inachemka na vumbi linakula pistoni.

Na bidoni ile? Dawa yake ni kurudisha rezervuari ya kweli, iliyo juu ya karbiratere, ili esansi ishuke yenyewe. Lakini usiichomelee nyumbani. Rezervuari tupu imejaa mvuke wa esansi, na cheche moja huipasua kama baruti. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini sakafuni mpaka kwenye moto wa jikoni, hata kama wewe uko mbali. Wala usijaribu mota ndani ya nyumba milango ikiwa imefungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mama, kumbuka neno hili: mtu akimeza esansi, usimtapishe. Usimpe mafuta, usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkalishe, umlete mara moja. Hata akisema amepona, mlete, kwa maana kikohozi na homa huweza kuja baada ya saa kadhaa.

Mwisho, esansi isikae kamwe katika chupa ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu.

Wenzangu, kazini hakuna anayeshuka mgodini bila kofia. Mbona nyumbani tunaweka kinywa chetu mahali pa pompi? Pikipiki itangoja mpaka asubuhi. Mapafu hayana duka la vipuri.