Patasi ya Kung'aa

Fedha za korosho zikipatikana, vijana wetu wachongaji hukimbilia madukani Masasi kununua patasi za kung'aa. Lakini mpingo ni mti mgumu: patasi dhaifu hupinda makali siku ile ile, na fedha ya chakula cha watoto imepotea bure.

Wazee hufanyaje? Humpelekea mhunzi kipande cha springi ya gari kuukuu, awafulie tezo ya kudumu. Basi, ndugu fundi, nunua vyombo vichache vilivyo imara, pamoja na jiwe la kunolea. Na kwanza shauriana na mkeo.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye Papa Pius XII alimwekea sikukuu ya 1 Mei mwaka 1955, alilisha jamaa yake kwa kazi ya mikono. Atuombee.